California ilivyojenga magereza bila idhini ya wapigakura

WAKAZI wa jimbo la California nchini Marekani waliulizwa Novemba 1990 iwapo jimbo lao likope dola milioni 450 za kujenga magereza mapya. Walikataa. Hata hivyo, magereza yaliendelea kujengwa.

Kiini cha mambo kimo katika katiba ya jimbo hilo. Tangu 1849, serikali ya California imezuiwa kuingia katika deni la zaidi ya dola 300,000 bila idhini ya wapigakura. Kiwango hicho hakijawahi kuongezwa, ingawa siku hizi pesa hizo hazitoshi kununua nyumba ya kawaida jijini Los Angeles.

Mwanzoni sharti hilo halikuwa kikwazo. Wananchi waliogopa wahalifu, na hakuna mwanasiasa aliyetaka kuonekana mlegevu. Mnamo Juni 1982 wapigakura waliidhinisha mkopo wa dola milioni 495, na kufikia Juni 1990 walikuwa wameidhinisha mingine minne. Wafungwa waliokuwa takriban 25,000 mwaka wa 1980 walikaribia 100,000.

Wapigakura walipochoka, njia nyingine ilikuwa tayari, kwani ilianza kutumiwa katika miaka ya 1980. Bodi ya jimbo inayosimamia ujenzi wa majumba ya umma huuza hatifungani kwa wawekezaji, hujenga gereza na kulimiliki. Kisha idara ya magereza hulipanga jengo hilo kama mpangaji yeyote na kulipa kodi kila mwaka. Kodi hiyo ndiyo huwalipa wawekezaji mtaji wao pamoja na riba. Deni likiisha, jengo huwa mali ya idara.

Kisheria, hiyo ni kodi ya pango wala si deni, kwa hivyo mpigakura haulizwi. Lakini mwenye nyumba ni serikali, mpangaji ni serikali, na anayelipa ni mlipa ushuru yule yule aliyekataa kukopa. Isitoshe, hugharimu zaidi, kwani wawekezaji hudai riba ya juu kidogo kuliko ile ya mkopo ulioidhinishwa kwa kura. Gereza la Kern Valley, lililofunguliwa 2005 karibu na mji wa Delano, lilijengwa kwa njia hiyo.

Hatua kubwa zaidi ilichukuliwa 2007. Wafungwa walikuwa wamepita 170,000 mwaka uliotangulia, wengine wakilala katika kumbi za michezo kwenye vitanda vya ghorofa tatu. Gavana Arnold Schwarzenegger alitia saini mswada wa dola bilioni 7.4 wa kuongeza vitanda 53,000. Sehemu kubwa ya pesa hizo ingetokana na hatifungani za kodi. Wananchi hawakupiga kura.

Lakini ujenzi haungeweza kuwahi maafa. Mahakama ilikuwa imeelezwa kuwa mfungwa mmoja alikuwa akifa bila sababu kila baada ya siku sita au saba kwa kukosa matibabu yafaayo. Mei 2011, Mahakama ya Juu ya Marekani iliunga mkono agizo la kupunguza wafungwa hadi asilimia 137.5 ya uwezo wa magereza. Wakati wa kesi walikuwa karibu mara mbili ya uwezo huo.

Jimbo likabadilisha sheria, na kuanzia Oktoba 2011 wenye makosa madogo wakawa wanafungwa katika jela za kaunti. Jambo lililodaiwa kwa miongo mitatu kuwa haliwezekani bila saruji lilianza kutendeka kwa kalamu. Mwaka uliofuata, bunge lilifuta idhini ya takriban dola bilioni 4 za mpango wa 2007.

Wafungwa walishuka chini ya 100,000 mwaka wa 2020, na magereza yakaanza kufungwa, la Deuel likitangulia 2021. Mji wa Susanville, unaotegemea ajira za magereza, ulikwenda kortini kuzuia gereza lake lisifungwe. Lilifungwa 2023. Kwa majengo ambayo deni lake halijaisha, kodi hutolewa kila mwaka katika hazina ile ile inayogharamia shule, wafungwa wawe wengi au wachache.