Karatasi Ndani ya Pakiti

Januari 1970, Seneta Gaylord Nelson aliita wataalamu mbele ya kamati ya Seneti ya Marekani waeleze madhara ya tembe za kupanga uzazi. Wakaongea kuhusu damu kuganda, saratani, depresheni. Wanawake waliokuja kusikiliza wakaona kitu: hakuna hata mmoja wa wanaozimeza aliyeitwa kutoa ushahidi. Wakasimama, wakapaza sauti mbele ya kamera. Mbona hatukuambiwa?

Walikuwa na haki. Tembe hizo zilijaribiwa Puerto Rico kuanzia 1956, na Daktari Edris Rice-Wray, aliyesimamia majaribio, aliripoti kwamba asilimia 17 ya wanawake walipata kichefuchefu, kizunguzungu, kuumwa na kichwa. Gregory Pincus, mmoja wa waliozitengeneza, akaona mengi ya hayo yako akilini tu. Mwaka 1960 Marekani ikaziruhusu zitumike kuzuia mimba.

Muongo huohuo dawa za depresheni nazo zilikuwa zinazaliwa. Mwaka 1952, kwenye hospitali ya Sea View kule New York, wagonjwa wa kifua kikuu waliopewa iproniazidi walichangamka ghafla, na madaktari wakaanza kujiuliza.

Leo kuna wengi wetu tunaomeza zote mbili, mimi nikiwemo. Niliuliza kwenye kemisti fulani kama zinaelewana. "Meza tu, siste, haina shida." Basi nikasoma mwenyewe. Dawa nyingi za depresheni za siku hizi, kama fluoksetini, hazipunguzi nguvu ya tembe. Lakini kabamazepini, ambayo wengine hupewa kutuliza hisia zinazopanda na kushuka, huipunguza. Hata mmea wa St John's wort, unaouzwa kama dawa asilia ya huzuni, unaweza kukuletea mimba ambayo hukupanga.

Halafu kuna utafiti wa Denmark wa 2016, uliofuatilia wanawake zaidi ya milioni moja. Waliotumia homoni za kupanga uzazi waliandikiwa dawa za depresheni zaidi kuliko wasiotumia, hasa wasichana wa miaka 15 hadi 19. Hiyo haithibitishi kwamba tembe ndiyo chanzo. Ila inaonyesha swali la 1970 halikuwa la kipuuzi.

Na zile kelele zilizaa matunda. Mwaka huohuo, serikali ya Marekani iliagiza pakiti za tembe ziwekwe maelezo ya mtumiaji. Ndiyo ile karatasi nyembamba, herufi ndogo kama sisimizi, ambayo wengi wetu hutupa kabla hata ya kufika nyumbani. Isome. Kisha mtajie daktari kila kitu unachomeza, na asipokujibu, muulize tena.