Karatasi ya Bibi: Kuthibitisha Ndoa Mjini Lubumbashi, Tangu Kambi za Union Minière Hadi Ofisi za Viza

Katika maandishi ya siku hizi juu ya uhamiaji, swali la ndoa ya kweli na ndoa ya hila hutajwa kana kwamba lilizaliwa katika balozi za Ulaya, pale mke aombapo ruhusa ya kumfuata mumewe ng'ambo. Kwa mji wa Lubumbashi dhana hiyo haitoshi. Mji huu, ambao hadi mwaka 1966 uliitwa Elisabethville, ulijengwa na watu waliotoka mbali, na kwa Mwafrika kuingia na kukaa humo kulihitaji idhini. Mwanamke aliyemfuata mume alitakiwa aonyeshe kuwa yeye ni mke. Ni nani aliyekuwa na haki ya kumtambua, na kwa ushahidi gani? Makala haya yanakusudia kulifuata swali hilo kutoka kambi za wachimba madini hadi ofisi za viza. Tutaona kwamba ushahidi uliotakiwa zamani na ule unaotakiwa leo unakaribia kuwa kinyume cha mwenzake, na kwamba katika nyakati zote mbili aliyeumia zaidi ni yule ambaye ndoa yake ilijulikana na kila mtu ila ofisi.

Mke kambini

Reli kutoka kusini ilifika Elisabethville mwaka 1910, na mwaka uliofuata tanuri la Lubumbashi likaanza kuyeyusha shaba. Kampuni ya Union Minière du Haut-Katanga, iliyoundwa mwaka 1906, ilikuwa na madini tele na watu wachache. Wafanyakazi waliletwa kwa mikataba mifupi kutoka Rhodesia ya Kaskazini, kutoka Luapula, Lomami na Kasai, na tangu mwaka 1925 hadi mwisho wa muongo huo kutoka Rwanda na Burundi pia. Wengi walikuja peke yao, wakalazwa wengi katika chumba kimoja, wakaugua, wakafa au wakatoroka. Kwa hesabu ya kampuni, mtu aliyerudi kwao mara tu alipokwisha kuijua kazi alikuwa hasara.

Ndipo katika nusu ya pili ya miaka ya 1920 kampuni iliposhika siasa ya kuwatuliza wafanyakazi mahali pamoja: mkataba wa miaka mitatu, nyumba ya familia, zahanati, shule, na posho ya mke na watoto. Daktari Léopold Mottoulle, aliyesimamia siasa hiyo kwa muda mrefu, aliieleza na kuitetea katika maandishi yake ya mwaka 1946. Matokeo yake yalionekana upesi. Mwaka 1925 wafanyakazi waliokuwa na wake kambini hawakufika robo. Mwanzoni mwa miaka ya 1930 walikuwa zaidi ya nusu.

Kwa hiyo mke akaingia katika hesabu. Posho ilipimwa kwa vichwa, na nyumba ilitolewa kwa mtu mwenye familia, hivyo kampuni ilihitaji kumtofautisha mke na mwanamke wa kupita. Hapo ndipo ugumu ulipoanza. Kwa watu wengi walioletwa kambini ndoa haikuwa tukio la siku moja. Kwa Wabemba na Walamba, ambao hufuata ukoo wa mama, kazi ambayo mkwe aliwafanyia wazazi wa mke ilikuwa nzito kuliko vitu alivyotoa, na iliendelea kwa miaka. Kwa Waluba mali ilitolewa, lakini mara nyingi kwa mafungu, na fungu la mwisho lingeweza kuchelewa hata watoto wakazaliwa. Ukimwuliza mzee ni lini hasa fulani alioa, angekujibu kwa hadithi ndefu yenye majina ya watu wengi. Kampuni ilitaka tarehe.

Ufumbuzi wake ulikuwa wa kikampuni kweli. Union Minière iliwakopesha vijana mali ya kuolea, kisha ikajirudishia fedha hizo kidogo kidogo kutoka katika mishahara. Wengi wameutaja mkopo huo kama fadhila, na kwa kijana asiye na ng'ombe wala mjomba tajiri ulikuwa fadhila kweli. Lakini tazama lililotendeka. Mali iliyokuwa ikijulikana kwa vinywa vya mashahidi wa koo mbili sasa iliandikwa katika kitabu cha mwajiri, ikiwa na kiasi na siku. Ushahidi wa ndoa ukahama, na pamoja nao ukahama uwezo wa kusema hii ni ndoa au si ndoa. Profesa Dibwe dia Mwembu wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi, katika utafiti wake wa mwaka 2001 juu ya familia za wafanyakazi wa Katanga, ameonyesha jinsi mamlaka ya baba kambini yalivyosimama juu ya mgongo wa kampuni. Nathubutu kuongeza kwamba hata cheo cha mke kilisimama hapo hapo.

Lugha ya mji imehifadhi alama za mambo haya. Msomaji wa Kiswahili cha mwambao husema mahari. Mlubumbashi husema mali, na kulipa mali ni kuoa. Bibi kwake si nyanya bali ni mke. Neno ndoa, ambalo mwambao hulitumia kwa kila akdi iliyo halali, Katanga lilielekea zaidi kwenye ndoa ya kanisa au ya Leta, yaani ya serikali, hivi kwamba mtu aweza kuwa na bibi ambaye amemlipia mali na bado akasema hajafunga ndoa. Mtu wa Zanzibar atastaajabu. Lakini hakuna upotofu wa lugha hapo. Wasemaji wa mji huo waliona mapema kwamba jambo moja limepasuliwa sehemu mbili, wakazipa majina mawili.

Mji, amri na kodi

Nje ya kambi za kampuni kulikuwa na mji wa wenyeji, mitaa ambayo leo tunaijua kwa majina ya Kamalondo, Kenya, Katuba na Ruashi. Amri ya tarehe 23 Novemba 1931 iliiweka mitaa ya namna hii chini ya utawala uitwao Centre extra-coutumier, kwa maana kwamba wakazi wake walihesabiwa kuwa wametoka nje ya himaya ya machifu. Hata hivyo kituo hicho kilipewa mahakama iliyotakiwa kuamua kwa mila, na kesi za ndoa zikawa sehemu kubwa ya kazi yake. Mila ya nani? Mume Mluba, mke Mbemba, hakimu wa kabila la tatu. Katika mchanganyiko huo mahakimu walishika jambo ambalo wote waliweza kulielewa: je, mali ilitolewa, na nani aliipokea? Fernand Grévisse, mtawala aliyeandika kwa urefu juu ya kituo hicho mwaka 1951, alikuwa na wasiwasi mwingi kuhusu uimara wa ndoa za mjini. Kwa mwanahistoria, hata hivyo, kesi za namna hii zaonyesha pia watu wanaojitahidi sana ndoa zao zitambuliwe.

Baada ya Vita Vikuu vya Pili serikali iliongeza masharti. Amri ya tarehe 5 Julai 1948 iliipa ndoa ya mke mmoja iliyoandikishwa ulinzi wa sheria ya adhabu. Amri ya tarehe 4 Aprili 1950 ilikwenda mbali zaidi: tangu tarehe 1 Januari 1951 ndoa mpya ya mke wa pili haikutambuliwa tena, na wanaume waliokuwa na wake wengi tangu zamani wakawekewa vizuizi vya kukaa nao mjini. Mwanamke aliyekuwa mke halali kijijini aliweza kupanda gari moshi akiwa mke na kushuka Elisabethville akiwa si kitu. Wakubwa walilalamika kwamba watu sasa wanaficha wake, kwamba huyu aitwaye dada na yule aitwaye mpwa ni wake wa pili na wa tatu. Bila shaka walikuwako. Lakini kabla ya kuwaita waongo yafaa tukumbuke kwamba uongo huo ulitungwa na amri yenyewe: ilimkataza mtu kusema kweli kisha ikamshtaki kwa kutoisema.

Mwanamke asiyekuwa na mume wa kuonyesha aliwekwa katika fungu jingine. Katika miji kadhaa ya Kongo ya Wabelgiji na Ruanda-Urundi ilitozwa kodi ya wanawake wasio na waume, ambao kwa Kifaransa cha utawala waliitwa wanawake huru, jina ambalo kila mtu alijua maana yake ya mitaani. Fungu hilo liliwakusanya pamoja malaya, mjane, mtalaka, muuza pombe na mke wa pili. Mfano unaojulikana zaidi hautoki Katanga bali Usumbura, ambayo leo ni Bujumbura. Huko Buyenzi, katika miaka ya 1950, wanawake Waislamu wasemao Kiswahili waliipinga kodi hiyo kwa sababu kuilipa kulikuwa ni kukubali kuitwa malaya. Nancy Rose Hunt, aliyechunguza kisa hicho katika makala yake ya mwaka 1991, ameonyesha kwamba ugomvi ulikuwa wa jina zaidi kuliko wa fedha. Ng'ambo ya mpaka wa kusini, katika miji ya shaba ya Rhodesia ya Kaskazini, hati ya ndoa nayo ilitumika kuwachuja wanawake waliosafiri kwenda mijini. Asiyekuwa nayo aliweza kurudishwa kwao.

Karatasi inapotiliwa shaka

Sheria ya familia ya tarehe 1 Agosti 1987, iliyotungwa wakati nchi ikiitwa Zaire, ilijaribu kuziunga sehemu mbili zilizopasuka. Inaitambua ndoa iliyofungwa katika familia kwa mila, ila inataka iandikishwe mbele ya ofisa wa serikali. Inayafanya mali kuwa sharti, lakini inaridhika ikiwa sehemu tu imekwisha kutolewa. Katika jambo hili wabunge wa mwaka 1987 waliielewa mila kuliko kampuni, maana waliacha nafasi ya ndoa inayoendelea kukamilishwa. Sheria hiyo imerekebishwa mwaka 2016, na mali yamebaki humo.

Basi Mlubumbashi wa leo anayemwombea mkewe kibali cha kuishi Ubelgiji huenda na kile ambacho vizazi vitatu vya watawala vimemfundisha kukibeba: hati. Anaambiwa kwamba hati si hoja. Baraza la Umoja wa Ulaya, katika azimio lake la tarehe 4 Desemba 1997, liliorodhesha dalili za ndoa ya hila: wanandoa hawaishi pamoja, hawakuwahi kukutana kabla ya ndoa, maelezo yao yanapingana, hawana lugha moja, fedha zilitolewa ili ndoa ifungwe. Ubelgiji nayo, kwa sheria ya tarehe 4 Mei 1999, iliingiza katika sheria zake za madai kifungu kinachoikana ndoa ambayo nia yake dhahiri ni kupata ukazi tu. Waraka wa mwezi Desemba mwaka huo uliowaongoza maofisa ulitaja miongoni mwa dalili kuingia kati kwa mtu wa tatu.

Mtu aliyelelewa Katuba au Ruashi huenda akacheka kwanza. Fedha iliyotolewa na mtu wa kati aliyetumwa: hayo ndiyo yaliyomthibitisha mkewe kuwa mke mbele ya mahakama ya Elisabethville. Haki itendeke kwa walioandika azimio la 1997; waliitoa katika orodha yao mahari ya watu ambao kwao ni desturi. Lakini hakuna aliyemtolea mshenga udhuru kama huo. Na dalili ya kwanza kati ya zile nilizozitaja ina mzunguko ambao kila mwenye akili anauona: mke hawezi kuishi na mumewe mpaka apewe viza, na kutokuishi naye kunahesabiwa dhidi yake anapoiomba.

Nisieleweke kuwa nasema ndoa za hila hazipo. Zipo, na walio wepesi kuzilaani ni wanandoa wa kweli wanaosailiwa kwa sababu yake. Ninalosema ni kwamba ofisi imerudi kutafuta kitu ambacho utawala wa kikoloni ulikiondoa katika ushahidi, yaani maisha ya watu wawili yanayojulikana na jamaa zao, lakini imekirudia bila jamaa hao. Mume husailiwa peke yake na mke peke yake. Huulizwa walikutana wapi, nani alikuwapo arusini, mwenzake anafanya kazi gani. Mwanamke ambaye mambo yake yote yaliendeshwa na shangazi na mjomba hujibu vibaya maswali hayo kwa sababu ile ile iliyoifanya ndoa yake kuwa madhubuti kwao.

Anayekataliwa ana njia mbili, na mara nyingi hulazimika kuzifuata zote: kupinga uamuzi wa viza mbele ya baraza la Ubelgiji linalosikiliza mashauri ya wageni, lililoanza kazi mwaka 2007, na kudai ndoa yake itambuliwe mbele ya mahakama ya familia. Mahakimu wa Kamalondo, wakiwa na shaka, waliweza kutuma mtu amwite mjomba wa mke, akasimama mbele yao akasema alipokea nini, siku ya mvua au ya kiangazi, na nani alikuwa shahidi. Brussels mjomba huyo hufika kwa maandishi tu, katika Kifaransa kilichoandikwa na mtu mwingine, na sahihi iliyo chini yake sharti kwanza ithibitishwe na wizara, kisha na ubalozi.