Lugha ya Kasri

Charminar maana yake ni minara minne. Hakuna aliyenitafsiria. Nilikuwa nimesimama chini yake, katikati ya mji mkongwe wa Hyderabad, kusini mwa India, bajaji zikipiga honi pande zote na wauza bangili wa Laad Bazaar wakinadi mali yao. Niliposikia "minar", masikio yalimaliza kazi yenyewe. Sultani Muhammad Quli Qutb Shah aliujenga mwaka 1591, alipoanzisha jiji jipya nje ya ngome ya Golconda. Kila pembe ina mnara mmoja, na ghorofa ya juu kabisa ni msikiti.

Kutembea Hyderabad ukiwa na Kiswahili kichwani ni kama kukaa msibani na kugundua kwamba mtu wa pembeni yako ni binamu yako. Kitab ni kitabu. Dunya ni dunia. Waqt ni wakati, na dukan ni duka. Kiurdu na Kiswahili vimechota maji kisima kimoja, cha Kiarabu, kila kimoja kwa ndoo yake.

Umbali mfupi kwa miguu kutoka hapo kuna Chowmahalla, yaani makasri manne. "Mahal" ni ile mahali yetu, ila huku neno limepanda cheo likawa nyumba ya mfalme. Ndipo walipokaa Nizam, watawala wa ukoo mmoja ulioshika dola hii tangu 1724 hadi 1948. Ndani ya ukumbi wa Khilwat Mubarak zinaning'inia taa 19 za vioo vya Ubelgiji, na chini yake kuna jukwaa la marumaru lililobeba kiti cha enzi. Wageni hupiga picha, kisha huenda kuyatazama magari ya kifalme. Hadithi inayopendwa zaidi ni ya Nizam wa saba, Mir Osman Ali Khan, ambaye jarida la Time lilimweka kwenye jalada lake mwaka 1937 kama tajiri kuliko watu wote duniani. Alikuwa na almasi ya karati karibu 185, akaitumia kukandamiza karatasi zisipeperuke.

Mimi kilichonishika ni kitu chake kingine, nacho hakimo kasrini. Kiko ng'ambo ya mto Musi: Chuo Kikuu cha Osmania, kilichopewa jina lake mwaka 1918.

Wakati huo vyuo vikuu vya India, kuanzia vile vitatu vya 1857 vya Calcutta, Bombay na Madras, vilifundisha kwa Kiingereza. Osmania ikafundisha kwa Kiurdu. Kiingereza kilibaki somo la lazima, lakini historia, fizikia, sheria, uhandisi, hata udaktari, vilisomwa kwa Kiurdu. Na kwa kuwa vitabu havikuwepo, serikali ya Nizam ilifungua ofisi ya kuvitengeneza, Darul Tarjuma, nyumba ya tarjuma. Ilianza 1917, kabla ya chuo chenyewe. Wataalamu walikaa mezani wakibishana neno kwa neno: istilahi hii ya kemia tuichukue kutoka Kiarabu, Kiajemi, au tuiache kama ilivyo? Mamia ya vitabu yalitoka kwenye meza hizo.

Nilitembea mbele ya Arts College, jengo kubwa la mawe yenye rangi ya waridi lililofunguliwa mwaka 1939, nikiwaza shule zetu. Kama Watanzania wengi wa rika langu, nilisoma shule ya msingi kwa Kiswahili, kisha siku ya kwanza ya kidato cha kwanza biolojia ikageuka kuwa lugha ngeni. Wapo wenzangu walionyamaza darasani siku hiyo na hawakusema tena kwa miaka minne. Na kila tunapouliza kwa nini, jibu ni lile lile: Kiswahili hakina istilahi, vitabu havipo. Hyderabad ilikutana na tatizo hilo hilo, ikaajiri watu.

Ningependa hadithi iishie hapo. Haiishii.

Kiurdu kilikuwa lugha ya kasri, ya ofisi na ya jiji. Katika dola ya Nizam karibu nusu ya watu walisema Kitelugu, robo hivi Kimarathi, wengine Kikannada. Wenye Kiurdu kama lugha ya mama walikuwa kama mmoja kati ya kumi. Mtoto wa mkulima wa Warangal aliyefika Osmania alikutana na mlango ule ule ambao mimi nilikutana nao kidato cha kwanza, tofauti ikiwa kwamba mlango wake uliitwa lugha ya nyumbani. Mwaka 1938 wanafunzi waliimba Vande Mataram, wimbo wa wapigania uhuru, kwenye mabweni ya chuo. Wengi wakafukuzwa.

Miaka kumi baadaye kasri lenyewe lilianguka. Nizam alikataa kujiunga na India huru. Wanamgambo wa Razakar, waliomuunga mkono, walitesa vijiji. Septemba 1948 jeshi la India liliingia, na kwa siku tano kila kitu kikaisha. Katika ghasia zilizofuata maelfu ya raia, wengi wao Waislamu, waliuawa. Osmania nayo ikahamia Kiingereza. Meza za tarjuma zikanyamaza.

Chuo hakikufa, lakini. Wanafunzi wake, wengi wakiwa watoto wa wale waliosema Kitelugu, ndio walioongoza maandamano ya kudai jimbo la Telangana, mbele ya jengo lile lile la Nizam. Jimbo likapatikana mwaka 2014, Hyderabad ikiwa makao makuu yake.

Kwa hiyo, mtu akiniambia Kiswahili hakiwezi kubeba fizikia ya chuo kikuu, nitamtajia Darul Tarjuma. Lugha hubeba kile ambacho watu wako tayari kuilipia. Lakini akiniuliza na Hyderabad ilikosea wapi, sitamkwepa. Nizam aliijua lugha ya barazani kwake vizuri, na ya shambani hakuiuliza. Kiswahili kina bahati ambayo Kiurdu cha Nizam hakikuwa nayo: kilifika vijijini kabla ya kufika madarakani. Hata hivyo, kule Simiyu yuko mtoto anayeamka na Kisukuma, na kwake hata Kiswahili ni lugha ya kukutana nayo darasani. Siku tutakapokaa kwenye meza zetu za tarjuma, naye awe na kiti.