Morani, mbinu za vita za (katika mashindano)

Maarifa ya vita ambayo Wamaasai wa Malambo, wilayani Ngorongoro, na ndugu zao wa Kenya wamerithishana rika kwa rika ni elimu ya silaha kabla ya kuwa elimu ya mwili: mkuki kwa adui aliye mbali, simi na rungu kwa aliyekaribia, na ngao ya ngozi ya nyati katika mkono wa kushoto. Kwa sababu hiyo morani, yaani kijana shujaa wa Kimaasai, aingiaye katika ulingo wa mapigano mchanganyiko (MMA) huacha nje sehemu kubwa ya elimu yake. Maana kanuni za mapigano hayo, zilizotungwa New Jersey, Marekani, mwaka 2000, hazikubali silaha, wala kidole machoni, wala pigo la kisogoni, nazo humkabilisha na mtu mmoja tu, kwa duru za dakika 5, ambamo asiyejua mieleka ya chini hupata taabu kubwa. Krav Maga, mtindo wa kujihami ulioasisiwa na Imi Lichtenfeld kwa jeshi la Israeli, hukutana na kizuizi kicho hicho. Kinachosalia kwa morani ni pumzi, wepesi wa miguu na ustadi wa kukadiria masafa, na hayo, kwa rai yetu, si haba hata kidogo.

Tofauti na ulingo huo, mashindano yanayomstahi morani zaidi ni yale ya Kimana, Kenya, yaliyoanzishwa mwaka 2012 ili vijana watafute sifa pasipo kuua simba: humo hutupwa rungu na mkuki, hukimbiwa mita 200, 800 na 5,000, na hurukwa juu mpaka kichwa kiguse kamba.