Kugombea ubunge wa jimbo nchini Tanzania

Kugombea ubunge wa jimbo ni kuomba kura za wakazi wa jimbo moja la uchaguzi ili kuwawakilisha katika Bunge la Jamhuri ya Muungano, Dodoma, kwa kipindi cha miaka mitano. Bungeni wapo pia wabunge wa viti maalumu, wateule wa Rais wasiozidi 10, na wajumbe watano wanaotoka Baraza la Wawakilishi la Zanzibar, lakini mbunge wa jimbo ndiye pekee ambaye jina lake hupigiwa kura na wananchi moja kwa moja. Majimbo yalikuwa 232 mwaka 1995 na 264 mwaka 2020. Kwa uchaguzi wa Oktoba 2025 yaliongezwa yakafika 272, yaani 222 ya Bara na 50 ya Zanzibar. Anayeongoza ndiye mshindi, hata akimzidi mwenzake kwa kura moja. Hakuna duru ya pili.

Sifa za mgombea

Ibara ya 67 ya Katiba ya mwaka 1977 inamtaka mgombea awe raia, awe ametimiza miaka 21, na ajue kusoma na kuandika kwa Kiswahili au Kiingereza. Awe pia mwanachama wa chama cha siasa, na chama hicho kiwe kimempendekeza. Masharti ya kwanza ni mepesi na Watanzania wengi wanayatimiza. Hilo la chama ndilo linaloamua nani afike kwa wapiga kura na nani aishie njiani.

Kutoka kura tatu hadi 1960

Uchaguzi wa kwanza wa wabunge Tanganyika ulifanyika kwa awamu mbili, Septemba 1958 na Februari 1959, chini ya utaratibu wa kura tatu: kila mpiga kura alilazimika kumchagua Mwafrika mmoja, Mwasia mmoja na Mzungu mmoja, la sivyo kura yake iliharibika. Kuandikishwa kulihitaji kipato cha pauni 150 kwa mwaka, au elimu ya darasa la nane, au kushika wadhifa unaotambuliwa. Mkutano wa chama cha TANU wa Tabora, Januari 1958, uligawanyika vikali juu ya kushiriki au kususa. Hoja ya kiongozi wake, Julius Nyerere, ya kushiriki ilishinda. Zuberi Mtemvu alijitoa na kuanzisha African National Congress. Nyerere mwenyewe aligombea Jimbo la Mashariki dhidi ya Patrick Kunambi na kushinda.

Mwaka 1960 viti vilikuwa 71, na katika 58 kati ya hivyo wagombea wa TANU walipita bila kupingwa. Kiti kimoja tu kiliiponyoka TANU: Mbulu, ambako Herman Sarwatt, mwanachama wa TANU asiyekuwa chaguo la chama chake, alisimama mwenyewe akamshinda mgombea rasmi, Chifu Amri Dodo. Ushindi huo wa Mbulu hutajwa kwa haraka katika vitabu vya historia, ilhali ni ushahidi mzuri kwamba wananchi wa wilaya moja walimtaka mtu wao na sheria ya wakati huo ikawaruhusu kumpata.

Jembe na nyumba

Majimbo 58 bila ushindani yalikuwa na maana kwamba wananchi wengi walipata mbunge bila kupiga kura. Nyerere aliliona tatizo hilo mapema, na Tume ya Rais iliyoundwa mwaka 1964 kuhusu mfumo wa chama kimoja ilipendekeza dawa yake: kila jimbo lipewe wagombea wawili, wote wa TANU, na mwananchi achague kati yao. Uchaguzi wa Septemba 1965, wenye majimbo 107, uliendeshwa hivyo.

Majina yalianzia kwenye mkutano wa wilaya wa chama, ambako wajumbe waliwapigia kura waombaji. Orodha ilipelekwa Halmashauri Kuu ya Taifa, nayo ikateua wawili. Mara nyingi waliteuliwa wawili wa juu. Mara chache Halmashauri iliupangua uamuzi wa wilaya. Wagombea walipewa alama, mmoja jembe na mwingine nyumba, kwa ajili ya wapiga kura wasiojua kusoma. Walizunguka jimbo pamoja na kupanda jukwaa moja, mikutano ikiandaliwa na chama. Kampeni ilikuwa kwa Kiswahili tu. Lugha za makabila zilikatazwa, na ilikuwa mwiko kuomba kura kwa kabila, dini au rangi. Mgombea hakuruhusiwa kutumia fedha zake wala kudai kwamba Nyerere anamuunga mkono. Kwa kuwa sera zilikuwa zile zile, hotuba nyingi ziliangukia kwenye alama zenyewe, jembe linalolisha taifa na nyumba inayomsitiri mkulima, na pia kwenye swali la nani anayeyajua matatizo ya barabara, maji na shule za pale.

Matokeo yaliwashtua wakubwa. Paul Bomani, Waziri wa Fedha, alipoteza kiti chake Mwanza, na wenye nyadhifa wengine waliangushwa pamoja naye. Derek Bryceson, Mzungu, alishinda Dar es Salaam kwa kura za Waafrika. Kwa mfumo uliokuwa na chama kimoja tu, lilikuwa jambo la heshima kubwa: waziri alirudi kwa watu wake na watu wakamwambia hapana. Utaratibu wa wagombea wawili uliendelea, kwa mabadiliko, hadi 1990.

Kura za maoni

Vyama vingi vilirejea Julai 1992, na uchaguzi wa 1995 uliipa CCM, mrithi wa TANU, majimbo 186, CUF 24, NCCR-Mageuzi 16, CHADEMA 3 na UDP 3. Tangu hapo safari ya mgombea huanza kwa kuchukua fomu ndani ya chama. Ndani ya CCM hufuata kura za maoni, zinazopigwa miaka mingine na wanachama wote wa jimbo, kama 2010 na 2015, na miaka mingine na wajumbe wa mkutano mkuu wa jimbo, kama 2020, mwaka ambao waliochukua fomu za ubunge na uwakilishi walizidi 10,000. Neno la mwisho ni la vikao vya juu. Josephat Gwajima hakuongoza kura za maoni za jimbo la Kawe mwaka huo, lakini ndiye aliyeteuliwa, na akamshinda Halima Mdee wa CHADEMA. Katika jimbo ambalo chama kimoja kina nguvu isiyotikisika, uamuzi mzito hufanyika humu, miezi kadhaa kabla ya siku ya kura, na wananchi wasio na kadi ya chama hawamo.

Mgombea binafsi

Aliyepigania haki ya kugombea bila chama kwa muda mrefu na kwa ujasiri kuliko wote ni Mchungaji Christopher Mtikila. Mwaka 1994 Mahakama Kuu Dodoma, chini ya Jaji Kahwa Lugakingira, ilimpa haki. Serikali ilijibu kwa kubadili Katiba mwaka huo huo ili kulirudisha sharti la chama. Mtikila alirudi mahakamani na Mahakama Kuu ikampa haki tena mwaka 2006. Juni 2010 Mahakama ya Rufani ilisema suala hilo ni la kisiasa na liachiwe Bunge, yaani chombo ambacho kila mbunge wake wa jimbo ameingia kwa tiketi ya chama. Tarehe 14 Juni 2013 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, Arusha, iliamua kwamba Tanzania imevunja haki za raia wake na kuitaka irekebishe sheria. Mtikila alifariki kwa ajali ya gari Oktoba 2015, sharti likiwa palepale.

Fomu na pingamizi

Mgombea wa chama huchukua Fomu Na. 8B kwa msimamizi wa uchaguzi, hudhaminiwa na wapiga kura wasiopungua 25 wa jimbo lake, hula kiapo mbele ya hakimu na kulipa dhamana ya shilingi 50,000. Wapinzani wake wanaweza kumwekea pingamizi. Msimamizi huamua, na asiyeridhika hukata rufaa kwa Tume ya Uchaguzi. Wasimamizi wengi wamekuwa wakurugenzi wa halmashauri, ambao ni wateule wa Rais. Mahakama Kuu ilikubali Mei 2019, katika shauri la Bob Chacha Wangwe, kwamba jambo hilo halipatani na Katiba, lakini Mahakama ya Rufani iliutengua uamuzi huo Oktoba mwaka huo. Mwaka 2020 wagombea wengi wa upinzani walienguliwa kwa kasoro za fomu, na miongoni mwa waliopita bila kupingwa walikuwamo Waziri Mkuu wa wakati huo, Kassim Majaliwa wa Ruangwa, na Spika wa wakati huo, Job Ndugai wa Kongwa.

Takrima

Marekebisho ya sheria ya mwaka 2000 yaliruhusu mgombea kuwakirimu wapiga kura kwa nia njema, na mlango huo ukapitisha pilau, khanga na bahasha. Aprili 2006 Mahakama Kuu ilivifuta vifungu hivyo kwa kuwa vinambagua mgombea maskini. Sheria ya Gharama za Uchaguzi ilifuata mwaka 2010.

Wanawake

Bibi Titi Mohamed, aliyeijenga TANU tangu mwanzo, alishindwa Rufiji mwaka 1965. Wanawake wengi bungeni huingia kwa viti maalumu. Majimbo bado yameshikwa zaidi na wanaume.

Zanzibar

Mpiga kura wa Zanzibar humchagua mbunge na pia mwakilishi.

Kesi za uchaguzi

Asiyeridhika na matokeo hufungua shauri Mahakama Kuu. Sharti la kuweka kwanza shilingi milioni 5 lilibatilishwa na Mahakama ya Rufani mwaka 2002 katika shauri la Julius Ndyanabo, aliyekuwa mgombea wa Nkenge.

Tangu mwaka 2020

Uchaguzi wa 2020 uliipa CCM majimbo 256. ACT-Wazalendo ilipata 4, CUF 3 na CHADEMA 1, Nkasi Kaskazini kwa Aida Khenani. Sheria mpya za mwaka 2024 ziliipa Tume jina la Tume Huru ya Taifa ya Uchaguzi na kuondoa kupita bila kupingwa: mgombea aliyebaki peke yake sasa hupigiwa kura ya ndiyo au hapana. Mgombea binafsi hakuruhusiwa.