Njia Ndefu ya Kwenda Tokyo

Chukua tufe la dunia, lile la darasani, na kipande cha uzi. Shika ncha moja Helsinki, mji mkuu wa Finland, na ya pili Tokyo. Ukaze uzi. Ni karibu kilomita 7,800, na karibu uzi wote umelala juu ya Urusi. Wafini wana mzaha wao kwamba kati yao na Wajapani ipo nchi moja tu. Ni kweli, lakini nchi yenyewe ndiyo hiyo!

Mkataba wa Chicago wa mwaka 1944 unasema kila dola ni mwenye mali wa anga lililo juu ya ardhi yake. Hupiti bila hodi. Ndiyo maana Februari 1957 shirika la SAS lilipoanza safari za Copenhagen hadi Tokyo, lilizunguka kwa juu kupitia Anchorage, Alaska. Kwa ndege za mapangaboi safari ilichukua saa 32 hivi, na watu walishangilia, kwa kuwa njia ya kusini ilikula zaidi ya saa 50.

Aprili 1983 Finnair wakathubutu zaidi: DC-10 yenye matangi ya ziada, Helsinki hadi Tokyo bila kutua. Walipanda hadi Ncha ya Kaskazini, wakashuka kwenye Mlango wa Bering, kati ya Wasovieti na Wamarekani. Zaidi ya kilomita 12,000, saa 13. Haukuwa mzunguko wa anasa. Septemba mosi mwaka huohuo, ndege ya abiria ya Korea Kusini iliyotoka Anchorage kwenda Seoul ilipotea njia, ikaingia anga la Wasovieti na kutunguliwa karibu na kisiwa cha Sakhalin. Watu 269 walikufa. Rubani wa Finland hakuhitaji kuambiwa mara mbili akae kwenye mstari wake.

Vita Baridi vilipokwisha, Siberia ikafunguka, kwa malipo. Saa 13 zikawa tisa na nusu. Finnair wakajenga biashara yao juu ya uzi ule: abiria wa Ulaya abadili ndege Helsinki, kesho yake yuko Asia. Naona walijenga vizuri, ila kwenye kiwanja cha jirani.

Februari 2022 Urusi iliivamia Ukraine. Ulaya ikafungia ndege za Urusi anga lake, Urusi nayo ikajibu vivyo hivyo. Machi mwaka huo ndege ya Finnair iliondoka tena Helsinki kwenda Tokyo kupitia kaskazini. Safari hii ilikuwa Airbus A350, yenye injini mbili badala ya tatu na mitambo ambayo rubani wa 1983 asingeiota. Muda wa safari? Saa 13. Abiria walipewa vyeti vya kupita juu ya Ncha ya Kaskazini, kama walivyopewa wale wa zamani. Mashirika ya China, wakati huohuo, yaliendelea kukatiza Siberia.