Nani Abebe Taka za Jiji? Funzo la Tabata

Biashara za kijamii zinazokusanya taka katika miji yetu husimuliwa kana kwamba zilizaliwa jana, pamoja na simu janja na mashindano ya ubunifu. Kwa Dar es Salaam historia yake ni ndefu zaidi, na sehemu yake muhimu ilipita mahakamani.

Mwaka 1988 wakazi wa Tabata waliishtaki Halmashauri ya Jiji katika Mahakama Kuu. Jiji lilikuwa likitupa taka jirani na makazi yao. Zilipochomwa, moshi na harufu viliingia majumbani. Mahakama iliamuru utupaji huo ukome. Halmashauri ikaomba muda, kisha ikaomba tena. Mwaka 1991 Jaji Lugakingira alikataa, akieleza kuwa kuhatarisha afya za watu kunagusa haki ya kuishi iliyomo katika Ibara ya 14 ya Katiba. Baadaye taka zilihamia Vingunguti, ambako nako waliishi watu.

Hukumu ilifunga dampo, haikununua malori. Serikali za mitaa zilifutwa mwanzoni mwa miaka ya 1970, na mamlaka za miji ziliporejeshwa mwaka 1978 zilirithi wajibu mwingi na zana chache. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, taka zilizozolewa hazikufikia asilimia 10 ya zilizozalishwa. Mwaka 1994 Jiji liliikabidhi kampuni moja binafsi kata 10 za katikati ya mji, lakini wengi hawakulipa ada. Halmashauri yenyewe ilivunjwa mwaka 1996, nafasi yake ikachukuliwa na Tume ya Jiji. Mwishoni mwa muongo huo zabuni zilifunguliwa pia kwa kampuni ndogo na vikundi vya wakazi, vikiwamo vya wanawake, kwa msaada wa Shirika la Kazi Duniani.

Vikundi hivyo vilithibitisha jambo kubwa. Kwa mikokoteni, reki na mabeleshi vilipenya vichochoro visivyopitika kwa lori, vikatoa ajira kwa watu waliokosa kazi rasmi. Hata hivyo, mkokoteni hauwezi kufika dampo. Unaishia kwenye kituo cha kukusanyia, na kutoka hapo huhitajika lori. Lori lisipokuja, lundo hukua. Lundo likikua, kaya huacha kulipa. Kaya zikiacha kulipa, mzoa taka hukosa ujira. Hasara ya mfumo mzima humwangukia aliye chini kabisa, naye ndiye huambiwa kwamba hakuwa mbunifu.

Kwa hiyo, tunapozisifu biashara hizi, tuulize pia zinabeba mzigo wa nani. Zilichipuka katika pengo lililoachwa na mamlaka za umma, na uhodari wao haukufuta wajibu wa mamlaka hizo. Wakazi wa Tabata hawakuomba fursa ya kujiajiri kwa taka. Walidai haki, na mahakama ikaitambua.

Afisa anayeandaa mkataba na kikundi cha mtaa aandike humo siku ambayo lori litafika, pamoja na fidia kikundi kitakayolipwa lisipofika. Mkataba unaotaja adhabu za kikundi pekee unahamishia umaskini wa Jiji kwenye mabega ya maskini wake.